Kabla Hujalipia Mashine ya Kukimbilia

Ingia duka lolote la vifaa vya mazoezi, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, na muuzaji atakuanzia kwenye kioo. Atakuwashia taa, atakusikilizisha spika, atakuambia mashine inapima mapigo ya moyo na kuhesabu kalori, kisha atabonyeza kitufe ubao uinuke mbele huku akikutazama usoni. Ni mara chache atakuuliza nani ataipanda, ana kilo ngapi, nyumba yenu iko ghorofa ya ngapi na umeme wa mtaani kwenu ukoje. Bahati mbaya ni kwamba majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama mashine itadumu miaka mingi au itageuka pa kuanikia taulo kabla mwaka haujaisha.

Makala haya yanakupa maswali ya kwenda nayo dukani. Msimamo wake ni mmoja: mashine ya kukimbilia, au tredmili kama wengi wanavyoiita, inunuliwe kwa kuangalia miguu itakayoikanyaga na umeme utakaoiendesha. Kioo na spika vije mwisho. Hata vikikosekana hujapoteza kitu, maana simu yako inapiga muziki na saa ya mkononi inapima mapigo.

Kwanza, unaihitaji kweli?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Dakika 150 za kutembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni kilomita 12 na nusu kwa wiki nzima. Anayeishi jirani na ufukwe wa Coco, au mwenye uwanja wa shule karibu na kwake, anaweza kuzimaliza bila kutoa hata senti.

Lakini wapo ambao mashine inawafaa hasa. Yupo anayetoka kazini, akakaa kwenye foleni na kufika nyumbani saa tatu usiku, wakati barabara ya mtaani haina taa. Yupo mama anayetaka kufanya mazoezi kwa faragha, bila macho ya wapita njia na bila kusubiri zamu ya wanawake kwenye jimu. Yupo mzee aliyeshauriwa na daktari atembee kila siku, na njia ya kwao ni makorongo na bodaboda. Yupo pia mkimbiaji anayejiandaa kwa mbio za Kilimanjaro kule Moshi ambaye mvua hazimpi nafasi ya kutoka.

Kama bado una shaka, lipia jimu mwezi mmoja na utumie mashine ya pale tu. Ukiona umekwenda mara tatu kila wiki bila kusukumwa na mtu, una sababu ya kununua. Ukiona umetafuta visingizio kuanzia wiki ya pili, umeokoa fedha nyingi kwa ada ya mwezi mmoja.

Pima mtumiaji

Nyumbani mashine hainunuliwi kwa ajili ya mtu mmoja. Orodhesha wote watakaoipanda, kisha chukua namba tatu: uzito wa aliye mzito kuliko wote, urefu wa aliye mrefu kuliko wote, na kasi ya anayekimbia sana kuliko wote. Mashine ichaguliwe kwa namba hizo hata kama mnunuzi mwenyewe ni mwembamba na anatembea tu.

Tuanze na uzito. Kila mashine ina kikomo chake, kwa kawaida kilo 100, 120 au 150. Usinunue inayolingana na uzito wako kamili. Acha nafasi ya kilo 20 hivi, kwa sababu mtu anayekimbia hutua kwa nguvu inayozidi uzito wake mara mbili au zaidi. Mwenye kilo 95 atafute iliyoandikwa kilo 120.

Kuna jambo hapa ambalo wanunuzi wengi hawalitarajii. Mtu mzito anayetembea polepole huitesa mota kuliko mwepesi anayekimbia. Kwenye kasi ndogo mota huzunguka taratibu, feni yake haiipoozi vizuri, na kila hatua ya mzito inaubana mkanda kwenye ubao, kwa hiyo mota huvuta umeme mwingi na kupata joto. Ndiyo maana ushauri wa "wewe unatembea tu, chukua hii ndogo" unaweza kumponza mwenye kilo 110.

Urefu wa mtu unaamua ukubwa wa mkanda. Kwa kutembea, upana wa sentimita 40 hadi 45 na urefu wa sentimita 120 hadi 130 unatosha watu wengi. Anayekimbia anahitaji upana wa sentimita 50 na urefu wa sentimita 140 au zaidi, na mwenye urefu wa mita 1.80 atafute mkanda unaokaribia sentimita 150. Mkanda mfupi humfanya mtu afupishe hatua, akimbie kwa kujibana, na magoti yalalamike baadaye.

Kasi ni hesabu nyepesi. Kukimbia kilomita moja kwa dakika 5 ni kasi ya kilomita 12 kwa saa. Mashine inayoishia 12 itakuwa inafanya kazi kwenye kikomo chake kila siku, na chombo chochote kinachoishi kwenye kikomo hakidumu. Mkimbiaji wa aina hiyo achukue inayofika 16 au 18. Anayetembea anatosheka na inayofika 10, ili mradi iweze kuanzia chini kabisa, kwenye 0.8 au 1.

Mwinuko una faida kubwa kuliko kasi kwa wanaotaka kupunguza uzito bila kukimbia. Kutembea kwenye mwinuko wa asilimia 5 au 6 kunapandisha mapigo ya moyo bila kuyapigapiga magoti. Angalia kama mwinuko unabadilishwa kwa kitufe au kwa kushuka na kuhamisha pini kwa mkono. Wa pini ni wa bei nafuu, ila wengi huuweka sehemu moja na kuusahau. Wakimbiaji wao wamezoea kuweka asilimia 1, baada ya utafiti wa Jones na Doust wa mwaka 1996 kuonyesha kwamba mwinuko huo ndio unaokaribiana na nguvu anayotumia mtu anayekimbia nje, kwenye upepo.

Mota, na hesabu ya kwenye plagi

Kwenye boksi utasoma HP 4, HP 5, hata HP 6. HP ni kipimo cha nguvu ya farasi, na HP moja ni wati 746. Sasa angalia plagi ya mashine. Ni ileile ya pini tatu tuliyoizoea, yenye fyuzi ya ampea 13 ndani yake. Zidisha ampea 13 kwa volti 230 na utapata wati 2,990, ambazo ni sawa na HP 4 tu. Mashine ya HP 6 ya kweli, inayofanya kazi mfululizo kupitia plagi hiyo, ingevuta umeme mwingi kuliko fyuzi hiyo inavyoruhusu.

Kilichoandikwa kwenye boksi ni nguvu ya kilele, ile ambayo mota inaweza kuifikia kwa muda mfupi sana. Unachotakiwa kuuliza ni nguvu ya mfululizo, ambayo mota inaweza kuitoa saa nzima bila kuchoka. Muuzaji akibabaika, inama mwenyewe utafute kibandiko kilipo kwenye fremu, karibu na pale waya wa umeme unapoingilia. Hapo pameandikwa volti, hezi na wati. Kibandiko kikisema wati 1,100, mota hiyo haiwezi kuzidi HP 1.5 ya mfululizo, hata boksi likiwa na picha ya mwanariadha na namba kubwa kiasi gani.

Kwa kutembea, nguvu ya mfululizo ya HP 1.5 hadi 2 inatosha. Kwa kukimbia taratibu, tafuta HP 2.5. Kwa mkimbiaji wa kila siku, au nyumba yenye watumiaji wanne, anzia HP 3.

Kuijaribu dukani

Usinunue mashine ambayo hujaipanda. Nenda na viatu vyako vya mazoezi na usione haya kuomba dakika kumi.

Anza na kasi ya kilomita 2 kwa saa na utembee kwa kukanyaga kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Sikiliza nyayo zako. Mkanda ukikwama nusu sekunde kila unapokanyaga kisha ukaendelea, ama umelegea ama mota haina nguvu ya kukubeba. Panda hadi kasi unayokusudia kuitumia. Vishikio vikitikisika na kioo kikicheza mbele ya macho yako, fremu ni nyepesi, na nyumbani itakuwa hivyo hivyo au zaidi.

Izime, kisha shika ukingo wa mkanda katikati na uuinue. Uinuke kidogo, kiasi cha vidole viwili kupita. Chungulia ubao ulio chini yake. Uwe laini na wenye kuteleza, bila michirizi wala alama za kuungua. Uliza mkanda una matabaka mangapi. Wa tabaka moja huwa mwepesi na hukunjika pembeni mapema, ule wa matabaka mawili hutulia na kudumu. Mwisho uliza ubao una unene gani, kisha linganisha na mashine ya jirani yake. Kadiri ulivyo mnene, ndivyo unavyostahimili uzito.

Namba ya kalori utakayoiona wakati wa majaribio usiitilie maanani. Mashine haijui mwili wako, na ukishika vishikio wakati wa kutembea unapunguza kazi ya miguu huku namba ikiendelea kupanda vilevile.

Umeme wa kwenu

Mashine nyingi hazifi kwa kukimbiliwa, zinauawa na umeme. Kinachoungua kwanza mara nyingi ni bodi, ile kadi ya umeme inayoiamuru mota. Umeme ukishuka, mota huvuta ampea nyingi ili kujitosheleza na hupata joto. Ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, bodi ndiyo inayopokea kipigo.

Kwa hiyo weka stabilaiza, na isiwe ndogo. Ya kVA 3 kwenda juu ndiyo inayofaa mashine ya nyumbani ya kukimbia. Kile kifaa kidogo cha kulindia friji kinaweza kusaidia kukata umeme mbovu, ila soma ampea zake kwanza: vipo vya ampea 5 ambavyo havistahimili mota ya namna hii. Chomeka kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ethi unaofanya kazi. Ekstensheni ndefu na nyembamba hupunguza umeme njiani na kupata moto. Ukimaliza mazoezi, zima swichi ya ukutani kila mara.

Bili pia ipigiwe hesabu. Mashine ya nyumbani yenye mtu juu yake hutumia takriban wati 500 hadi 1,000, kutegemea uzito na kasi, yaani nusu uniti hadi uniti moja kwa saa. Kwa bei ya kawaida ya majumbani Tanzania, ambayo pamoja na kodi imekuwa ikizunguka shilingi 356 kwa uniti, saa moja haifiki shilingi 400. Si mzigo. Lakini kama nyumba yako iko kwenye tarifu ya matumizi madogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, kuwa macho. Watu wanne wakitembea nusu saa kila mmoja kwa siku wanaweza kula uniti 30 hadi 60 kwa mwezi. Ukijumlisha na friji na pasi, umevuka kikomo na bei ya kila uniti ya ziada imepanda.

Chumba, ngazi na pangaboi

Pima kabla ya kununua. Mashine iliyokunjwa inaonekana ndogo dukani, lakini ukiikunjua inahitaji nafasi yake na nafasi ya kuangukia. Acha mita 2 wazi nyuma yake na nusu mita kila upande. Wengi huiweka mgongo ukielekea ukutani ili watazame televisheni. Huo ndio mpangilio wa hatari zaidi, kwa sababu anayeteleza hubanwa kati ya mkanda unaozunguka na ukuta.

Tazama na juu. Chukua mtu wa mita 1.80, mweke kwenye ubao ulioinuka sentimita 20 kutoka sakafuni, ongeza sentimita 15 za mwinuko na sentimita 10 za kurukaruka wakati wa kukimbia. Utosi wake umefika mita 2.25. Pangaboi lililoning'inia mita 2.30 limebakiza sentimita 5, na hajainua mkono bado. Ama hamisha mashine, ama ondoa pangaboi na utumie feni ya kusimama.

Kwa wanaoishi ghorofani, kishindo kinashuka kwa jirani wa chini. Tandika mkeka mzito wa mpira chini ya mashine yote, uisogeze upande wa ukuta au nguzo badala ya katikati ya chumba, bila kula ile nafasi ya wazi, na usikimbie saa tano usiku. Pima pia mlango, kona ya ngazi na geti la grili. Boksi la kilo 80 halikunjiki, na vijana waliolibeba hadi ghorofa ya tatu hawatafurahi kusikia kwamba halipiti.

Kwa walio pwani, Tanga, Unguja, Lamu na kwingineko, chumvi ya hewani hula boliti na viungo vya waya, na unyevunyevu huvimbisha ubao. Usiiweke barazani hata kama kuna paa. Bara kwenye vumbi, kama Dodoma wakati wa kiangazi, adui ni mchanga mwembamba unaoingia kwenye mota. Chumba chenye dirisha linalofungwa kinarefusha maisha ya mashine kuliko mapambo yoyote.

Mtumba: faida na mtego

Mashine iliyotumika inaweza kuwa ununuzi mzuri kuliko mpya ya bei ya chini, hasa ikiwa imetoka jimu au hotelini na ilikuwa inatunzwa. Lakini kitu cha kwanza kusoma ni volti. Mashine za Marekani na Kanada zimetengenezwa kwa volti 110 hadi 120 na hezi 60. Ndugu walioko huko huzipakia kwenye kontena kwa nia njema, zikifika zinahitaji transfoma kubwa ya kushusha umeme, na fundi akizichomeka moja kwa moja ukutani, bodi inaungua papo hapo. Zinazotoka Dubai, Muscat au Uingereza zinaelewana na umeme wetu.

Uliza imetembea kilomita ngapi, maana nyingi huhifadhi namba hiyo kwenye kioo. Mwombe muuzaji aruhusu mtu mzito apande, mashine ikimbie dakika 20 mfululizo. Harufu ya kuungua, mlio wa kukwaruza kwenye rola, au mkanda unaohama upande mmoja ni sababu ya kushusha bei au kuondoka. Nenda na fundi wako, na umlipe hata kama hukununua.

Kama unafungua jimu

Hapa sheria zinabadilika. Kwenye kibandiko cha mashine inayofuata viwango vya kimataifa vya ISO 20957 kuna herufi ndogo ambayo wengi hawaitazami. H ni ya matumizi ya nyumbani, S ni ya biashara. Herufi ya pili, A, B au C, inaeleza usahihi wa vipimo, na A ndiyo ya juu. Mwenye jimu anayenunua mashine ya H kwa sababu ya bei amenunua matatizo mawili: itachoka ndani ya miezi, na watengenezaji wengi hawaitambui waranti ya mashine ya nyumbani iliyopelekwa kwenye biashara. Rahisi ghali, wahenga walikwisha kusema.

Mashine ya biashara huwa na mota ya AC inayostahimili saa nyingi kwa siku, fremu nzito, na kwa baadhi yake ubao unaoweza kugeuzwa upande wa pili ukichakaa. Omba fundi umeme aivutie kila mashine laini yake kutoka kwenye bodi ya fyuzi. Kuunganisha tatu kwenye soketi moja ni kukaribisha moto, na saa kumi na mbili jioni, wateja wanapojaa, ndipo utakapotokea.

Nunua mbili au tatu za modeli moja badala ya kila moja na kampuni yake. Mkanda mmoja wa akiba unakuwa wa zote, fundi anazizoea, na siku mbaya unaweza kutoa spea kwenye moja ukaokoa nyingine. Mahali penye katizo la umeme la mara kwa mara, fikiria walau moja ya mkanda uliopinda isiyo na mota, inayozungushwa na miguu ya mkimbiaji mwenyewe. Haitumii umeme, inapendwa na vijana wa mbio fupi, ila ni ngumu kwa wazee na wanaoanza, kwa hiyo isiwe ya pekee. Zile za bapa za bei ndogo zisizo na mota, ambazo mtu huzisukuma akiwa ameng'ang'ania vishikio, ziache dukani.

Waranti na fundi

Waranti nyingi hujisifia mota. Soma mstari wa chini yake: bodi ina muda gani, mkanda muda gani, na gharama ya fundi nani analipa. Waranti ya mota ya miaka mitano yenye bodi ya miezi sita ni ahadi iliyowekwa pale ambapo haina hasara kwa muuzaji.

Uliza maswali matatu na uandikiwe majibu kwenye risiti. Fundi wenu yuko mji gani? Mkanda na bodi ya modeli hii vipo stoo leo? Nikiagiza, vinakuja kwa muda gani? Duka la mtandaoni lisilo na mlango wala fundi linaweza kuwa na bei nzuri, lakini siku bodi ikifa utakuwa na chuma cha kilo 80 sebuleni.

Usalama

Mwezi Mei 2021 kampuni ya Peloton ya Marekani iliwataka wateja warudishe mashine zake za Tread+ zipatazo 125,000, baada ya kifo cha mtoto mmoja na taarifa zaidi ya 70 za watu, wanyama na vitu kuvutwa chini ya mkanda kwa nyuma. Zilikuwa mashine za bei kubwa, kwa hiyo bei haimlindi mtoto. Kinachomlinda ni ule ufunguo mdogo wenye kamba na klipu. Ubane kwenye nguo yako kila unapopanda, ili ukianguka uchomoke na mashine isimame. Ukimaliza, uchukue ukauweke juu ya kabati. Mashine nyingi haziwaki bila huo.

Dera, kanga na ncha ndefu za mtandio havifai karibu na mkanda unaozunguka. Hata nyumbani kwa faragha, vaa suruali au sketi fupi ya mazoezi, na viatu vilivyofungwa vizuri. Umeme ukikatika ukiwa juu, shika vishikio na uweke miguu kwenye kingo za pembeni. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo aonane kwanza na daktari, na mwenye kisukari akague nyayo zake kila baada ya mazoezi. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kusimama hapo hapo.

Matunzo ya dakika kumi

Mkanda unaokwaruza ubao ndio unaomaliza mota. Isipokuwa kitabu cha mashine kiseme haihitaji, ipake mafuta ya silikoni kila baada ya miezi mitatu hivi. Chomoa umeme, inua ukingo wa mkanda, mwaga mafuta kidogo katikati ya ubao kila upande, kisha iwashe itembee polepole dakika tatu bila mtu. Mafuta ya cherehani, grisi na mafuta ya kupikia yanaharibu mkanda, hata kama fundi wa mtaani anaapa kwamba hayana neno.

Mkanda ukihamia kulia, kaza boliti ya nyuma ya kulia robo mzunguko tu, subiri dakika moja uone, kisha rudia ikibidi. Ukihamia kushoto, fanya hivyo upande wa kushoto. Kila baada ya miezi michache fungua kifuniko cha mota, umeme ukiwa umechomolewa, na upanguse vumbi kwa brashi kavu.

Gawa bajeti kabla ya kuingia dukani

Fedha uliyonayo isiishe kwenye mashine. Tenga kama sehemu moja ya tano kwa usafiri na wabebaji, stabilaiza, mkeka wa mpira, mafuta ya silikoni na viatu. Kinachobaki ndicho cha mashine. Kikitosha kununua yenye mota, mkanda na fundi unaowahitaji, lipia. Kisipotosha, usishuke daraja ili uondoke na kitu siku hiyo. Subiri miezi miwili uongezee, au tafuta ya mtumba iliyo nzuri, na wakati huo nunua viatu utembee barabarani. Mashine dhaifu ikifa hakuna anayeinunua, na kuishusha ngazi kuna gharama yake.